TREKTA DOGO: JINSI YA KUTAFUTA UBOVU WA KLACHI YA MAFUTA

Wasomaji wetu wamezoea kuliona trekta likivuta plau au tela. Lakini vijiji vingi hupata faida kubwa zaidi katika kazi yake ya kuzungusha kuliko ile ya kuvuta. Nyuma ya trekta, katikati ya magurudumu mawili makubwa, pana shafti fupi ya chuma yenye meno. Hapo ndipo hufungwa mashine ya kupukuchua mahindi, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, pampu ya maji, na vitu vingine vingi. Mafundi huiita kwa herufi tatu tu, P.T.O.; sisi katika somo hili tutaiita shafti ya nguvu.

Katika matrekta madogo mengi ya siku hizi, shafti hiyo huunganishwa na injini kwa klachi inayosukumwa na mafuta. Dereva hugeuza swichi au kusukuma kijiti kidogo, na mafuta hufanya kazi iliyobaki. Klachi hii ikiharibika, trekta laendelea kwenda barabarani kama kawaida, injini yanguruma vizuri, walakini mashine iliyofungwa nyuma haipati nguvu. Hapo watu wengi hupoteza fedha, kwa sababu ubovu wa namna moja hufanana sana na ubovu wa namna nyingine, na fundi asiye na subira hukimbilia kulitenganisha trekta vipande viwili kabla hajajua anatafuta nini. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa, na mahindi hayangoji.

Kwanza tuseme maneno machache juu ya asili ya kitu chenyewe. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye shafti ya namna hii mwaka 1918, na mwaka 1927 wahandisi wa kilimo wa nchi ile wakakubaliana juu ya kipimo kimoja, ili mashine ya mtengenezaji yeyote ipate kufungwa katika trekta la mtengenezaji mwingine. Ndiyo maana hata leo shafti nyingi zina meno 6, na huzunguka mara 540 kwa dakika. Zamani klachi ilikuwa moja kwa kazi zote. Katika trekta la Ferguson TE20, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1946, dereva akikanyaga klachi ili asimame, shafti ya nguvu nayo ilisimama, na majani yaliyokuwa ndani ya mashine yakakwama humo. Klachi ya peke yake kwa shafti ya nguvu iliondoa taabu hiyo, lakini ilileta njia ndefu ya mafuta na ya umeme, na kila hatua ya njia hiyo yaweza kuharibika.

Basi, njia ya mafuta ni hii. Mafuta hukaa chini ndani ya giaboksi. Pampu izungushwayo na injini huyavuta kwa kupitia chujio. Yakitoka katika pampu hukutana na valvu iwekayo presha, ambayo huacha mafuta yaliyozidi yarudi chini, kusudi presha isipite kipimo. Kisha hufika kwenye valvu ya klachi. Valvu hii katika matrekta mengine hufunguliwa kwa mkono, na katika mengine hufunguliwa na sumaku ya umeme, ambayo mafundi huiita solenoidi. Ikifunguliwa, mafuta hupita katika tundu jembamba na kuingia ndani ya shafti ambayo inazunguka. Hapo ndipo pagumu, maana mafuta hutoka katika chuma kisichokwenda na kuingia katika chuma kinachozunguka, na yanazuiwa yasivuje kwa pete nyembamba tu zilizo ndani ya mifereji yake. Mwisho wa njia pana pistoni, na pistoni husukuma sahani.

Sahani hizi zapangwa kwa kupishana. Moja imeshikamana na upande wa injini, ya pili upande wa shafti ya nguvu, ya tatu upande wa injini tena, na kadhalika. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa madaftari mawili. Pisheni kurasa kumi za daftari moja katikati ya kurasa kumi za daftari la pili, moja moja, kisha mvute. Bila kubanwa zitateleza na kuachana. Sasa mtoto mmoja akandamize kwa kiganja cha mkono, na wawili wavute: hawataweza kwa urahisi. Kiganja ni pistoni, na nguvu ya mkono ni presha ya mafuta.

Tena walimu wafanye hesabu hii pamoja na wanafunzi wao. Tuseme pistoni ina eneo la inchi za mraba 10, na presha ya mafuta ni ratili 250 kwa kila inchi ya mraba. Nguvu ya kubana sahani ni ratili 2,500, yaani zaidi ya tani moja. Presha ikishuka mpaka ratili 125, nguvu hiyo itakuwa ratili 1,250, na katika hizo lazima tutoe nguvu ya springi inayosukuma pistoni kurudi nyuma. Watu wengine hudhani kwamba presha nusu hutoa kazi nusu. Sivyo. Presha nusu hutoa klachi itelezayo, na klachi inayoteleza hugeuza nguvu ya injini kuwa moto katikati ya sahani. Kwa sababu hiyo twasema kwamba klachi isiyoshika kabisa ina heri kuliko ile inayoshika kwa udhaifu. Ya kwanza haijiharibu, na ya pili yajiunguza yenyewe kila dakika ambayo dereva anaendelea kuilazimisha.

Kabla ya kuanza kutafuta, yatupasa kusema habari ya hatari. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Propela inayounganisha trekta na mashine, ikiwa unene wake ni inchi 3, huvuta nguo iliyonaswa kadiri ya futi 7 kwa sekunde. Hakuna mtu awezaye kuivua kanzu au kuifungua kanga kwa upesi huo. Basi kila mara kabla ya kugusa kitu chochote nyuma ya trekta, zimeni injini, tieni breki, toeni ufunguo na kuuweka mfukoni mwa yule anayefanya kazi, kisha ngojeni mpaka shafti isimame kabisa. Tena, mtu asitafute tundu linalovuja mafuta kwa kidole. Mafuta ya mikono ya kunyanyulia vyombo yana presha kubwa sana, nayo hupenya ngozi kama sindano. Na jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo kwa macho, ni la kupelekwa hospitali siku ile ile. Tumieni kipande cha karatasi nene.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme chama cha wakulima kina trekta dogo la nguvu ya farasi 25, nalo limefungwa mashine ya kupukuchua mahindi. Asubuhi lafanya kazi vizuri. Yapata saa tano mashine yaanza kupoteza mwendo magunzi yakizidi, na saa sita yasimama, ingawa injini haikusimama. Watu wakala, wakapumzika, na saa nane mashine ikazunguka tena kama kwamba haikuwa na neno. Baada ya nusu saa ikasimama tena. Wazee wa chama wafanye nini?

Swali la kwanza ni hili: je, shafti ya trekta imesimama, au ni mashine tu iliyosimama? Mashine nyingi zina boliti dogo katika propela, lililotiwa makusudi ili likatike mashine ikikwama. Boliti likikatika, shafti ya trekta yazunguka na mashine haizunguki, na klachi haina kosa lo lote. Nyingine zina klachi yao wenyewe ya kuteleza. Basi ondoeni propela, wekeni kifuniko cha shafti mahali pake, na dereva aketi katika kiti na kuwasha, wengine wakitazama kwa mbali. Tazameni pia kijiti cha kuchagulia mwendo wa shafti, kama kimekaa katika mahali pake sawasawa; kikikaa nusu huruka chenyewe. Mambo haya ni madogo, hata fundi mkubwa huona aibu kuyauliza, na kwa hiyo mara nyingi hayaulizwi.

Katika mfano wetu boliti ni zima, na shafti ya trekta yenyewe ndiyo isiyozunguka. Twende mbele.

Swali la pili ni la mafuta, maana kuyatazama hakuna gharama. Trekta liwe mahali tambarare, mikono ya nyuma ishushwe chini, ndipo kijiti cha kupimia kisomwe. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na povu jingi, pampu inavuta hewa mahali fulani upande wa kuvutia, na hewa hubanwa ikapungua, haisukumi pistoni kama inavyotakiwa. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, sahani zimekwisha kupata madhara, na kilichobaki ni kujua sababu. Ulizeni pia mafuta ya namna gani yalitiwa. Giaboksi ya trekta la namna hii hutaka mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi zote pamoja, ya gia, ya haidroliki na ya klachi zilizo ndani ya mafuta. Kutia mafuta ya injini kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo dukani ni uchumi wa siku moja. Mwisho, chujio: likiziba, pampu yakosa mafuta, na kwa kawaida husikika ikilia.

Msaada mmoja mzuri ni kutazama viungo vingine. Katika matrekta mengi madogo pampu moja hutumikia kazi zaidi ya moja. Usukani ukiwa mzito, au mikono ya nyuma ikinyanyua polepole, saa ile ile klachi inapoteleza, basi ubovu uko karibu na chanzo, katika mafuta, chujio au pampu. Lakini kama vingine vyote vina nguvu na klachi peke yake ni dhaifu, ubovu uko mbele, katika tawi linalokwenda kwenye klachi. Yafaa kusoma kitabu cha trekta lenyewe kabla ya kuamua, kwa sababu watengenezaji hawakugawanya njia hizi kwa namna moja, na wengine huweka pampu mbili.

Swali la tatu ni la umeme, kama klachi hufunguliwa na solenoidi. Umeme hutoka katika betri, hupita fyuzi, swichi ya dereva, swichi iliyo chini ya kiti, mara nyingi na relei, ndipo hufika kwenye koili ya solenoidi. Ile swichi ya kiti iliwekwa ili dereva akiinuka, shafti isimame au injini izime. Ikichakaa, shafti hukatika kila trekta linapotikisika. Tumeona mahali pengine watu wakiifunga kwa waya ili isisumbue. Hili ni kosa baya, maana wanaondoa kitu cha bei ndogo kinacholinda mikono na maisha ya watu. Na ibadilishwe iliyoharibika.

Koili ikipata umeme husikika ikigonga mara moja, na ncha ya bisibisi ikisogezwa karibu na kichwa chake huvutwa. Isiposikika, chomoeni waya wake, na pimeni kwa taa ya kupimia au kwa mita. Yapasa kuonekana karibu volti 12 swichi inapowashwa. Volti zikikosekana, rudini nyuma hatua kwa hatua kuelekea betri mpaka mzikute, na ubovu uko kati ya mahali zilipo na mahali zisipokuwapo. Mara nyingi ni waya ulioguguna na panya, au kiungo kilichoingia kutu ya kijani.

Sasa tufike kwenye lile jambo la joto, nalo ndilo kiini cha mfano wetu. Trekta lafanya kazi likiwa baridi na kukataa likipata moto. Fundi wa kwanza aweza kusema, "Pete za ndani zimekwisha, mafuta yakipata moto huwa mepesi kama maji, yanavuja, presha yashuka." Maneno haya ni ya kweli kabisa. Fundi wa pili aweza kusema, "Koili imekatika ndani, ikipata moto waya wake hutanuka na kuachana, ikipoa hugusana tena." Na haya pia ni ya kweli. Tena hata koili isiyokatika hudhoofika kwa moto, kwa kuwa upinzani wa waya wa shaba huongezeka kadiri ya sehemu 4 katika 100 kwa kila digrii 10 za joto, na kama betri nayo ni dhaifu, sumaku hukosa nguvu ya kuisukuma valvu mpaka mwisho. Tazameni basi: dalili ni moja, saa zake ni zile zile, na dawa ni mbali kabisa. Dawa ya fundi wa pili ni koili moja inayofunguliwa kwa spana ndogo kwa muda wa robo saa. Dawa ya fundi wa kwanza ni kulitenganisha trekta. Hakuna sikio wala mkono unaoweza kuamua kati yao. Hapa pataka geji.

Geji ya presha si kitu cha ajabu. Yafaa chama chenye trekta kiwe nayo yake. Karibu na valvu ya klachi, katika matrekta mengi, pana plagi ndogo iliyowekwa kwa kupimia, na kitabu huonyesha mahali pake. Geji inayosoma mpaka ratili 500 kwa inchi ya mraba yatosha kwa kazi hii. Lakini hadhari: isifungwe kwa kukosea katika njia ya mikono ya nyuma, ambako presha hufika ratili 2,000 na zaidi, maana itapasuka mbele ya uso wa mtu. Pimeni mkiwa mmeondoa propela, na mpira wa geji uwe mrefu kiasi cha kusomwa kutoka ubavuni, wala si kutoka nyuma ya shafti.

Na jambo kubwa kuliko yote ni hili, ugonjwa wa joto hupimwa wakati wa joto. Fundi aitwaye jioni akaja kesho yake asubuhi, akawasha trekta lililolala katika umande, atakuta presha nzuri na umeme mzuri, atatoa ushuru wake na kusema trekta ni zima. Saa sita litasimama tena. Kwa hiyo geji ifungwe asubuhi lingali baridi, presha isomwe na kuandikwa. Kisha geji iondolewe na plagi irudishwe, trekta lifanye kazi mpaka likatae. Hapo hapo, kabla halijapoa, geji irudishwe kwa uangalifu wa moto wa mafuta, na presha isomwe mara ya pili, swichi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, pamoja na taa ya kupimia kwenye koili.

Tuseme taa yawaka, yaani umeme unafika, lakini presha ya klachi ni sifuri kana kwamba swichi haijaguswa. Basi mafuta hayakupitishwa na valvu. Ama koili imekatika, ama kile kipande kitelezacho ndani ya valvu kimekwama kwa uchafu. Pimeni koili kwa mita ingali moto: isipopitisha umeme, mmekwisha kumpata mwizi. Ikipitisha, fungueni valvu muisafishe. Kama taa haiwaki, rudini katika njia ya umeme tuliyoieleza.

Lakini tuseme valvu yafunguka, presha yapanda kidogo, kisha yashuka na kukaa chini, labda ratili 90 ambapo asubuhi ilikuwa 250. Mafuta yanapita, lakini yanatoroka njiani. Hapo tazameni presha ya pampu swichi ikiwa imezimwa, kama trekta lenu lina mahali pa kuipimia. Ikiwa nzuri wakati klachi imefungwa, na kuanguka mara klachi inapofunguliwa, basi pampu ina afya, na mvujo uko mbele ya valvu: katika zile pete za mifereji, au katika mpira wa pistoni. Ikiwa mbaya hata klachi ikiwa imefungwa, msiguse klachi. Ubovu uko katika pampu, chujio, au valvu iwekayo presha. Kushuka kwa mara moja tu, kwa kitambo kidogo, wakati swichi inapowashwa, si ubovu. Ni mafuta yanajaza nafasi ya pistoni, na presha hurudi yenyewe. Yawezekana pia injini ikizidishwa mwendo presha ipande kidogo. Wengine hufurahi wakiona hivyo. Kupanda huko kwaonyesha tu kwamba pampu inatoa mafuta kwa wingi kuliko yanayovuja, na mvujo upo pale pale.

Jambo la tatu laweza kutokea, nalo halifurahishi: presha ni kamili, baridi na moto, na bado shafti yateleza mashine inapopewa kazi. Hapo sahani zenyewe zimekwisha, au zimepindika kwa kuungua. Hakuna valvu wala koili itakayoziponya.

Basi kama geji imesema kwamba mvujo uko ndani, au sahani zimekwisha, kutenganisha trekta ni haki, wala fundi asilaumiwe kwa kuomba siku tatu. Lakini wazee wa chama wakae karibu, watazame mambo mawili. Kwanza, pete mpya zisitiwe kabla mifereji yake na mahali zinapogusia hapajatazamwa kwa ukucha na kwa kipimo. Pete ya zamani mara nyingi huchimba chuma, na pete mpya katika chuma kilichochimbika itavuja kama ile ya kwanza. Ndipo watu husema vipuri ni vya bandia, kumbe vipuri vilikuwa vizuri. Pili, kabla ya kulifunga trekta, klachi ijaribiwe kwa hewa ya pampu ya magurudumu: hewa ikitiwa katika tundu la mafuta, pistoni yapasa kusogea na kubana sahani, na mlio wa hewa inayotoroka uwe mdogo. Jaribio hili huchukua dakika chache, na likiachwa kosa litajulikana baada ya boliti zote kufungwa. Sahani mpya ziloweshwe katika mafuta safi kabla ya kutiwa.

Tumesema habari za klachi isiyoshika. Iko pia isiyoachia. Asubuhi ya baridi shafti yaweza kuzunguka polepole hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu mafuta mazito huzivuta sahani. Mafuta yakipata moto huacha, na hili si neno. Lakini shafti inayoendelea kuzunguka mafuta yakiwa moto, tena kwa nguvu ya kuendesha mashine, ni hatari kubwa. Huenda valvu imekwama wazi, au springi ya kurudisha pistoni imevunjika, au sahani zimeungana kwa kuungua, au breki ndogo imekwisha. Trekta la namna hiyo lisifungwe mashine yo yote hata kazi iwe nyingi namna gani, na mtu asijaribu kuizuia shafti kwa gongo ili aone kama ina nguvu.

Turudi kwa chama chetu cha mfano. Geji yao ilisoma sifuri saa sita, taa ikawaka, na mita ikaonyesha kwamba koili haikupitisha umeme. Walingoja ikapoa, ikapitisha tena. Wakabadilisha koili. Walakini kazi yao haikuishia hapo, kwa kuwa klachi ile ilikuwa imetelezeshwa kwa saa nyingi kabla haijakataa kabisa, ile sumaku dhaifu ikiifungua valvu nusu nusu. Kwa hiyo walimwaga mafuta, wakayanusa, wakatazama vumbi lililoshikwa na chujio, wakatia mafuta mapya na chujio jipya, kisha wakapima presha tena, baridi na moto, na kuziandika namba zote mbili kwa rangi ndani ya kifuniko cha injini pamoja na tarehe.

Namba hizo zina faida kwa fundi wa mwaka kesho kuliko maelezo marefu ya dereva. Tena dereva naye apewe amri moja: klachi ya namna hii huwashwa injini ikiwa katika mwendo wa chini, mashine ikiwa tupu, ndipo mwendo hupandishwa polepole mpaka kipimo cha mizunguko 540. Akiiwasha injini ikiwa inanguruma kwa nguvu na mashine imejaa mahindi, sahani hupata katika sekunde mbili moto ambao haukustahili kupatikana kwa siku nzima. Kabla ya kuzima, mashine iachwe imalize kilichomo ndani yake, mwendo ushushwe, ndipo swichi izimwe.